Bateri ya pikipiki ya kooperative: kuilinda, kuipima, na kuibadilisha kwa wakati wake



Katika somo hili tunaongea juu ya bateri ya pikipiki. Mwingine atauliza: gazeti hili ni la mbegu, mbolea na bei ya maharagi, bateri inaingia wapi? Inaingia kwenye kaye ya mweka hazina. Mufungue kaye ya kooperative yoyote yenye pikipiki na muhesabu ni mara ngapi imeandikwa "bateri" katika mwaka mmoja. Mahali pengi mutakuta mara mbili, mahali pengine mara tatu. Feza hizo zingelipa magunia ya mbegu.

Tena pikipiki kwetu si ya kubeba viazi na kabichi tu. Usiku, mama akishikwa na uchungu wa kuzaa, au mtoto akiwa na homa kali, ni pikipiki ileile ya kooperative inayompeleka hospitali. Honi isiyolia na taa inayofifia kwenye kona ya njia ya Djugu ni jambo la maisha ya watu.

Ndani ya bateri kuna nini

Bateri ya asidi tunayotumia leo ilivumbuliwa na Mfaransa, Gaston Planté, katika mwaka wa 1859. Tangu wakati ule haikubadilika sana. Ni sanduku la plastiki lenye vyumba sita. Katika kila chumba kuna mabamba ya risasi, ile metali nzito, na katikati ya mabamba kuna maji yaliyochanganywa na asidi. Chumba kimoja kinatoa volti 2 na kidogo. Sita pamoja vinatoa 12,6, na ndiyo sababu tunaandika "12V" kwenye ubavu wa bateri.

Mukumbuke hesabu hii ya vyumba sita, tutairudia wakati wa kupima.

Namba nyingine kwenye ubavu ni Ah. Hiyo ni kipimo cha tumbo la bateri: ni umeme kiasi gani unakaa ndani. Bateri iliyoandikwa 12N5-3B ni ya volti 12 na Ah 5. Ile ya 12N9-4B ni ya volti 12 na Ah 9. Pikipiki nyingi ndogo za kubeba mizigo zinatumia bateri za Ah chache tu. Ni tumbo dogo sana, na watu wengi wanaliomba kazi ya tumbo la ng'ombe.

Inapaswa kuishi muda gani

Bateri nzuri, iliyowekwa vizuri na kutunzwa, inaweza kuishi miaka miwili mpaka minne. Kwenye njia zetu za mashimo, mukipata miaka miwili kamili munaweza kufurahi. Ikikufa katika miezi mitano, kuna kitu kinachoiua, na kununua nyingine bila kumtafuta muuaji ni kumletea chakula kingine.

Tufanye hesabu kwa mfano. Tuseme bateri munainunua dola 20. Ikiishi miezi 24, inawagharimu chini ya dola moja kila mwezi. Ikiishi miezi mitano, ni dola nne kila mwezi. Chukueni bei yenu ya kweli, muigawe kwa miezi ambayo bateri iliishi, kisha muandike jibu kwenye kaye. Mkutano mkuu utaelewa haraka kuliko maneno mengi.

Hali ya hewa nayo inaingia. Wale wanaoteremka mpaka Kasenyi au Tchomia, kando ya Ziwa Albert, wanajua joto la kule. Joto linakausha maji ya bateri na kuchosha mabamba. Mafundi wanasema kila digrii 10 zinazoongezeka zinakata maisha ya bateri karibu nusu. Sisi wa juu kwenye milima tuna bahati upande huo, lakini asubuhi yenye baridi bateri inakuwa mvivu na mafuta ya injini yanakuwa mazito. Kwa hiyo asubuhi piga kiki. Starta muiweke kwa ajili ya mchana, injini ikiwa imeshapata moto. Jambo hili dogo peke yake linaongeza miezi.

Vitu vinavyoua bateri kwetu

Cha kwanza ni mtikisiko. Bateri isiyofungwa vizuri inaruka ndani ya nyumba yake kwenye kila shimo. Unga wa mabamba unadondoka, unajikusanya chini, na siku moja unagusanisha bamba na bamba. Chumba kinakufa. Mukate kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu la zamani, mukiweke chini na pembeni ya bateri, kisha mufunge na mkanda wake mpaka isiweze kucheza. Haina gharama yoyote.

Cha pili ni kukauka. Bateri za kawaida, zile zenye vifuniko sita juu, zinapoteza maji polepole. Kwenye ubavu kuna mistari miwili, wa juu na wa chini. Maji yakae katikati. Yakishuka chini ya mstari wa chini, mabamba yanabaki wazi, yanakuwa magumu, na sehemu ile hairudi tena hata mukijaza baadaye. Muangalie kila wiki mbili, na wakati wa kiangazi kila wiki.

Kinachoongezwa ni maji ya bateri tu, yaani maji yaliyosafishwa kwa mvuke. Musiongeze asidi. Asidi haiondoki, ni maji yanayoondoka. Ukiongeza asidi unaifanya kali zaidi na inakula mabamba. Maji ya chemchemi hapana, hata kama ni matamu namna gani, kwa sababu yana madini. Wengine wanayachemsha kwanza wakifikiri yamekuwa safi. Kuchemsha kunaua mikrobi, lakini madini yanabaki palepale kwenye sufuria, tena yamezidi. Mukikosa kabisa maji ya bateri, mukinge maji ya mvua moja kwa moja kutoka angani katika beseni safi la plastiki, baada ya mvua kunyesha kwa muda. Yaliyopita juu ya bati au majani, muwaachie mbuzi.

Na chumvi, sukari, vidonge vya aspirini ambavyo wengine wanatia ndani "ili ifufuke": inaweza kuonyesha nguvu siku mbili, kisha inakufa kabisa.

Cha tatu kinatuhusu sana sisi watu wa Djugu. Bateri inayokaa bila kazi inajimaliza yenyewe, na ikikaa ikiwa tupu, chembe ngumu nyeupe zinaota juu ya mabamba kama chumvi kwenye mwamba. Zikishakomaa, umeme haupiti tena. Tangu mwisho wa mwaka 2017 familia nyingi za kwetu zimekimbia zaidi ya mara moja. Pikipiki iliyofichwa ilipopatikana baada ya miezi, bateri ilikuwa imekufa, na mara nyingi mwenyewe alisema mtu amebadilisha bateri yake akamuwekea ya zamani. Huenda hakuna aliyeigusa.

Hatuchagui siku ya kukimbia. Lakini kama kuna dakika moja, ufunguo au bisibisi iko karibu, mutoe waya mweusi, ule wa upande wa alama ya kutoa. Bateri yenye chaji kamili iliyotengwa na waya zake inaweza kuvumilia miezi miwili au mitatu mahali pa baridi. Ile iliyobaki imefungwa kwenye pikipiki inamalizwa na vitu vidogovidogo vinavyoendelea kunywa umeme. Na kwa pikipiki inayolala tu kwenye depo wakati wa amani, kwa mfano kati ya mavuno na mavuno, muichaji mara moja kila mwezi.

Cha nne: simu. Tunajua stima haipo vijijini na kuchaji simu ni biashara. Vijana wanachomoa bateri ya pikipiki jioni, wanaunganisha taa, redio na simu za jirani. Tufanye hesabu tena. Volti 12 mara Ah 5 ni wati-saa 60. Bateri ya kuwashia injini haipendi kushuka chini ya nusu, kwa hiyo munayo 30 tu ya kutumia. Simu moja ya kisasa inakunywa karibu 15, na nyingine zinapotea njiani. Kwa hiyo simu ya pili haimalizi kujaa, nusu imeshakwisha. Simu ya tatu na ya nne zinaingia kwenye nyama ya bateri. Bateri ya pikipiki imetengenezwa ili itoe nguvu nyingi kwa sekunde chache, kisha ijazwe mara moja na injini. Mukitaka biashara ya simu, kooperative inunue bateri ya sola, ile iliyotengenezwa kwa kushuka na kupanda kila siku. Simu ya dereva ichajiwe wakati pikipiki inatembea, hapo hakuna ubaya.

Taa za nyongeza, zile zenye rangi tatu, na spika za muziki ziko katika mstari huo huo. Hatukatazi urembo wa vijana. Lakini kuna siku dereva anazima injini na kuanza tena mara kumi sokoni, hatua fupifupi, muziki unalia. Siku hiyo injini haina muda wa kurudisha kilichotolewa.

Cha tano hakionekani, na ndicho kinachoturudisha dukani bila kujua sababu. Injini inapozunguka inatengeneza umeme. Kuna kiboksi kidogo cha aluminiamu chenye mapezi, mafundi wanakiita regilateri, kinachopunguza umeme huo uwe kipimo cha bateri. Kikiharibika kuna njia mbili. Ama kinaacha kupitisha, na bateri inakufa njaa. Ama kinapitisha bila kipimo, na bateri inachemka, inamaliza maji kila wiki, inatoa harufu kama ya mayai yaliyooza, pengine ubavu unavimba. Kwenye hali zote mbili fundi mwenye haraka atasema, "Papa, hii bateri ilishakufa, lete ingine." Na anasema kweli. Ila hajasema ni nani aliyeiua.

Kabla ya kununua, pima

Kipimo kinaitwa testeri. Fundi wa simu kila soko anacho, na cha bei ndogo kinatosha. Tunashauri kila kooperative yenye pikipiki inunue chake, kwa sababu kitalipa bei yake kwenye bateri ya kwanza ambayo hamukuitupa bure. Muweke mshale kwenye volti za umeme wa moja kwa moja, kipimo cha 20. Waya mwekundu wa testeri kwenye alama ya kujumlisha, mweusi kwenye alama ya kutoa.

Muanze kwa macho na vidole kwanza. Waya za bateri zimekaza? Kuna unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa? Unga huo unazuia umeme, na watu wametupa bateri nzima kwa sababu ya unga. Mutoe waya, mweusi wa kwanza. Musugue na brashi ya zamani na maji yenye bikarbonati. Mukikosa, maji ya majivu ya kuni yanafanya kazi ileile, maana majivu yanapigana na asidi. Vifuniko vya bateri viwe vimefungwa, hayo maji yasiingie ndani hata tone moja. Mukaushe, murudishe mwekundu wa kwanza na mweusi wa mwisho, mukaze, mupake vazelini kidogo juu. Kisha muangalie fizibli, ule uzi mwembamba ndani ya kigae cha plastiki au kioo. Ukiwa umekatika, mununue mwingine wa namba ileile. Karatasi ya sigara na waya wa kufungia ni njia ya kuunguza pikipiki nzima.

Sasa volti. Kipimo cha kwanza kifanywe asubuhi, pikipiki imelala usiku kucha na haijawashwa. Kati ya 12,6 na 12,8 imejaa. 12,4 iko robo tatu. 12,2 iko nusu. 12,0 inakaribia kwisha, na chini ya 11,8 ni tupu. Kama ni tupu, muichaji kwanza mpaka ijae ndipo muhukumu. Bateri yenye njaa na bateri iliyokufa zinafanana kwa nje.

Mukumbuke vyumba sita. Mukiwa mumechaji siku nzima na testeri inasimama kwenye 10,5 hivi, mutoe 10,5 kwenye 12,6: inabaki 2,1. Chumba kimoja kimekufa. Hapo hakuna dawa, hiyo ni ya kubadilisha.

Kipimo cha pili: mmoja ashike testeri, mwingine abonyeze starta. Volti zitashuka, ni kawaida. Zikishuka chini ya 9,6 na bateri ilikuwa imejaa, mabamba yamechoka. Kwa pikipiki isiyo na starta, muwashe kontakti bila injini na mupige honi muda kidogo. Honi inayoanza na nguvu kisha inazama kama mtu anayesinzia inasema jambo lilelile.

Kipimo cha tatu ndicho kinachookoa feza. Muwashe injini, mupandishe mwendo wa wastani, na mupime tena kwenye bateri. Inapaswa kusoma kati ya 13,5 na 14,8. Ikibaki 12 na kitu, chaji haifiki: muangalie soketi ya waya za regilateri, mara nyingi plastiki yake imeungua na kuwa nyeusi, halafu regilateri yenyewe, halafu waya zinazotoka kwenye injini. Ikipita 15, regilateri inaua bateri, na bateri mpya mutakayoweka leo itakuwa imekauka kabla ya mavuno yajayo. Mubadilishe regilateri kwanza.

Kuna madereva wanaosema, "Boxer yangu inatembea bila bateri, sina lazima." Ni kweli, pikipiki nyingi za kiki zinawaka bila bateri. Lakini bateri ni kama bwawa kwenye mfereji: inatuliza mikupuo ya umeme. Ikiondolewa, balbu zinaungua moja baada ya nyingine, na siku nyingine kinachoungua ni sehemu ya gharama kubwa kuliko bateri. Na honi haipo.

Kununua na kuweka mpya

Bidhaa nyingi zinazofika kwetu zinapitia Mahagi kutoka Uganda, au tunazinunua Bunia. Mubebe bateri ya zamani mpaka dukani, ikiwa imesimama wima, ili mulinganishe vitu vitatu: Ah, ukubwa wa sanduku, na upande ambao alama ya kujumlisha iko. Huu wa tatu unasahauliwa. Ikiwa kinyume, waya haifiki, fundi anaivuta, na kosa la dakika moja la kugeuza waya linaunguza regilateri na fizibli.

Muangalie tarehe iliyopigwa muhuri. Bateri iliyojazwa asidi tayari na kukaa mwaka mzima kwenye rafu imeshazeeka. Iliyo kavu, yenye asidi yake pembeni katika chupa, inavumilia zaidi, na kwa safari ya kurudi Fataki tunapendekeza hiyo.

Sasa tunafika mahali ambapo bateri nyingi za kwetu zinaharibiwa siku ya kuzaliwa. Muuzaji anamimina asidi, anafunga, anaweka kwenye pikipiki, dakika tano, nenda. Bateri kavu ikijazwa asidi haijajaa umeme. Ikianza kazi hivyo haitafikia nguvu yake yote hata siku moja. Namna nzuri ni hii. Munajaza asidi polepole mpaka mstari wa juu. Munaiacha nusu saa mpaka saa moja. Itapata joto kidogo na asidi itashuka kwa sababu mabamba yanaikunywa, munaongeza mpaka mstari. Hii ni mara ya kwanza na ya mwisho kuongeza asidi. Kisha munachaji, vifuniko vikiwa wazi, kwa nguvu ndogo: sehemu moja ya kumi ya Ah. Kwa bateri ya Ah 5 ni ampeya 0,5, kwa saa tano mpaka kumi. Ndipo inaingia kwenye pikipiki. Muuzaji akikasirika kwamba munamchelewesha, muichukue kavu na mufanye wenyewe.

Kabla ya kufunga, muangalie kando ya bateri: kuna kimrija cha kupumulia, na kwenye bateri mpya kimezibwa na kofia nyekundu. Mutoe kofia hiyo, muweke mpira wa kupumulia, na mwisho wa mpira ushuke chini mbali na mnyororo na waya. Kofia ikibaki, hewa inajaa ndani na bateri inaweza kupasuka chini ya kiti.

Hewa hiyo inawaka kama petroli. Wakati wa kuchaji musivute sigara karibu, musilete kibatari wala mshumaa ili kuchungulia maji. Asidi ikiruka kwenye jicho, muoshe na maji safi mengi yanayotiririka, dakika 15 au 20 bila kuacha, kisha muende hospitali hata kama maumivu yamepungua.

Kuchaji na jua

Paneli ndogo ya wati 10 inatosha kwa bateri ya Ah 5. Kwenye jua kali inatoa ampeya 0,5 hivi, kile kipimo cha sehemu moja ya kumi. Bateri iliyo nusu inadai siku moja ya jua zuri, kama saa sita. Paneli ya wati 20 au 50 bila kidhibiti chaji itaichemsha. Hata kwa ile ya 10, mupime kila baada ya muda: ikifika 14,4 muitoe. Jioni mutenganishe waya, kwa sababu paneli isiyo na kizuizi ndani yake inarudisha kukunywa umeme usiku.

Bateri kuukuu, na ng'ombe

Tulitaka sehemu hii iwe fupi, lakini wafugaji wetu wanahitaji kuisikia yote.

Risasi ni sumu. Haina harufu, na ladha yake ni ya utamutamu. Ng'ombe wanaipenda kulamba. Bateri iliyopasuka na kutupwa kando ya boma inaweza kuua ndama, na hata ng'ombe mkubwa. Mnyama anakuwa kama kipofu, anasukuma kichwa kwenye ukuta au mti, anasaga meno, anatetemeka, anaanguka. Wengi wanasema ni ugonjwa wa kupe au ni mtu mbaya amefanya. Maziwa na nyama ya mnyama aliyelamba risasi hayafai kwa watu. Mukiona dalili hizo, pamoja na kumwita mganga wa mifugo mutafute kwenye malisho kama hakuna kipande cha bateri.

Kwa watoto ni mbaya zaidi, maana inaharibu akili na wakati mwingine inaua. Huko Senegal, kwenye mtaa wa Thiaroye-sur-Mer karibu na Dakar, watu walikuwa wanavunja bateri kuukuu na kuchekecha mchanga ili wapate risasi ya kuuza, na mchanga ule waliuingiza nyumbani. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 walikufa watoto 18. Karibu na sisi, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha bateri kilianza kazi kando ya mtaa wa Owino Uhuru mwaka 2007. Phyllis Omido, mama aliyefanya kazi mle, aliona mtoto wake wa kunyonya anaugua, na vipimo vikaonyesha risasi kwenye damu. Aliwaunganisha wakaaji, kiwanda kikafungwa mwaka 2014, na mwaka 2015 akapewa tuzo ya Goldman ya mazingira. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wakaaji walipwe shilingi bilioni 1,3 za Kenya, na kesi ikaendelea mpaka Mahakama ya Juu. Kiwanda kile kilikuwa na chimni. Sisi kuna watu wanaoyeyusha risasi kwenye sufuria, juu ya mafiga ya jikoni, ili kutengeneza vizito vidogo, na jioni sufuria ile inapika ugali.

Kwa hiyo bateri iliyokufa ibaki nzima. Musiivunje. Musimwage asidi yake shambani, mtoni wala kwenye choo. Risasi iliyoingia kwenye udongo haiozi, na mboga za majani zinazopandwa pale zinaibeba. Sanduku lake lisigeuzwe bakuli la chumvi ya mifugo au la maji ya kuku, hata likioshwa mara kumi. Muiweke wima ndani ya beseni la plastiki, chini ya paa, mbali na watoto na mbali na depo ya mbegu. Zikifika tatu au nne, muzipeleke Bunia pamoja na mzigo. Muulize muuzaji kama anachukua za zamani na anapunguza kiasi gani kwenye bei ya mpya, maana risasi ina soko lake.

Kazi ya mkutano ujao

Dereva alete pikipiki mbele ya wanamemba, ikiwa haijawashwa tangu jana. Mupime vile vipimo vitatu, mmoja akiandika: volti za kulala, volti za kubonyeza starta, volti injini ikizunguka. Muandike pia tarehe bateri iliponunuliwa, bei, na usawa wa maji katika kila chumba. Ukurasa huo ubaki kwa mweka hazina, na kila mwezi aongeze mstari mmoja. Mwanamemba yeyote akikuta namba ya tatu imepita 15, au imebaki chini ya 13, asimame aseme palepale, kabla feza za bateri nyingine hazijatoka kwenye sanduku.